Kilemba cha Baa

Baa ya mji mdogo katika Kanda ya Ziwa huuzwa kwa minong'ono. Mwenyewe hatundiki kibao, kwa sababu kibao kina gharama yake: muuzaji wa jumla akikisoma ataanza kudai fedha taslimu kabla ya kushusha kreti, wahudumu watatafuta kwingine, na mteja aliyeandikiwa bia tano atabadili njia ya kurudi nyumbani. Kwa hiyo habari hupitia kwa dalali wa viwanja, kwa mchoma nyama na kwa dereva wa gari la bia. Juma moja baadaye mji mzima unajua, na kila mtu anajifanya hajasikia.

Mfano unaotumika hapa ni baa moja ya Magu, mji ulio kando ya barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma, kama kilomita 60 kutoka jijini. Mwandishi aliifahamu baa hiyo kwa pande zote mbili za kaunta: kwanza kama kijana wa kuhesabu chupa tupu, baadaye kama mteja. Mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu, na watu wote walimwita Mwalimu, hata wale ambao hakuwahi kuwashikia chaki. Aliifungua katika miaka ya 1990, na miguu ilipoanza kumsumbua akaamua kuitafutia mtu.

Uzee na ugonjwa ndizo sababu za kawaida za kuuza. Inayofuata ni mirathi, na hapo kuna jambo ambalo watu wa kando ya ziwa wanalijua vizuri ingawa hawalisemi sana. Familia nyingi zimesomesha watoto kwa fedha ya bia, na watoto hao hao, wakishaokoka, hawataki jina lao lionekane hata kwenye leseni. Si haki kuwaita wanafiki. Mzazi mwenyewe alikuwa akienda kanisani Jumapili asubuhi na kufungua baa Jumapili hiyo hiyo mchana, na miaka yote aliwaambia watoto kwamba kazi hii ni ya kuvukia tu. Walimsikiliza.

Sababu ya tatu ni njia kuhama. Kwa miaka mingi foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi ilikuwa mtaji wa kila aliyekuwa na jiko, benchi au friji pande zote mbili za Ghuba ya Mwanza. Abiria wa Sengerema na Geita alisubiri, na anayesubiri hula na kunywa. Tarehe 19 Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli lilizinduliwa, lina urefu wa kilomita 3, na safari iliyoweza kula saa mbili ikawa ya dakika chache. Kwa mgonjwa anayekimbizwa hospitali ya Bugando hiyo ni neema isiyo na mjadala. Lakini baa iliyokuwa ikiishi kwa foleni haiwezi kuuzwa kwa bei ya jana, hata kama kuta ni zile zile na bia ina ubaridi ule ule.

Mnunuzi wa mara ya kwanza huingia baa akiwa na macho ya mteja. Anaona friji refu la kioo, meza ya pool, moshi wa nyama, ukuta uliopakwa rangi ukapendeza, na watu. Anazidisha watu kwa bei ya chupa, anapata jumla, na jumla hiyo inamnyima usingizi kwa furaha. Mwenye uzoefu huuliza kwanza kipi kati ya hivyo ni mali ya baa.

Friji lenye nembo ni la kampuni ya bia, limeazimwa kwa sharti kwamba zipangwe humo bia za kampuni hiyo. Rangi ya ukuta na bango lenye jina la baa mara nyingi zimetoka huko huko. Meza ya pool ni ya mtu mwingine, ambaye huja na ufunguo wake, hufungua sanduku la sarafu na kugawana na mwenye baa palepale. Jiko ni la mchoma nyama: mbuzi anamnunua mwenyewe, mkaa ni wake, na kodi anayolipa ni ndogo au hakuna kabisa, kwa hesabu kwamba nyama ndiyo inayoita bia. Magu, kama miji mingi ya ziwani, jiko lilikuwa na sato wa kuchoma pia, na wapo wateja waliokuja kwa ajili ya yule sato wakamaliza usiku na Balimi. Mchoma nyama akiondoka na jiko lake, anaondoka nao.

Leseni nayo haihami pamoja na funguo. Chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, leseni hutolewa kwa mtu aliyetajwa, kwa eneo lililotajwa na kwa aina ya uuzaji iliyotajwa. Grosari si baa, na kila moja ina saa zake za kufungua na kufunga. Mwenyewe mpya huanza upya kwa afisa biashara wa halmashauri, na bwana afya atakuja kuangalia choo na maji. Pia kuna namba ya mlipa kodi, makadirio ya TRA na mashine ya risiti, ambavyo vyote viko kwa jina la anayeondoka. Na tangu kanuni za kelele za mwaka 2015, spika zilizoelekezwa kwa majirani zinaweza kumleta ofisa wa baraza la mazingira, NEMC, mlangoni. Mnunuzi aliyepanga kuvuta vijana kwa muziki mkubwa ni afadhali aulize kwanza nani analala nyuma ya ukuta.

Jengo ni habari ya pekee. Ikiwa ni la kupanga, mpangaji anayeingia humlipa anayetoka kilemba, ambacho ni mbali na kodi ya pango. Kilemba ni bei ya kukuta pahali pamekwisha kuchangamka. Udhaifu wake ni kwamba mwenye nyumba kwa kawaida hayumo katika mapatano hayo. Akikataa kumtambua mpangaji mpya, aliyelipa hana pa kushika. Ikiwa jengo ni la muuzaji, basi mara nyingi baa ni chumba cha mbele cha nyumba anayoishi na familia, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Dalali atasema mama amekubali. Mnunuzi amsikie mama mwenyewe, na wazee wawili au watatu wa mtaa wawepo.

Ukiondoa hayo yote, mali halisi ya Mwalimu ilikuwa viti, meza, redio kubwa, kreti na chupa tupu. Kreti hudharauliwa na wageni wa biashara hii, lakini ndizo mtaji unaohesabika. Duka la jumla hubadilisha tupu kwa zilizojaa, na asiyekuwa na tupu huweka amana. Baa yenye kreti chache haiwezi kuagiza mzigo wa sikukuu hata kama fedha ipo. Kwa hiyo siku ya mapatano, wakati wanunuzi wengine wakitazama mbele, mtu makini huenda stoo kuhesabu chupa na kuchungulia midomo iliyovunjika.

Kingine kinachohitaji kutazamwa ni kalenda, na hapa Kanda ya Ziwa ina utaratibu ambao mgeni kutoka Dar es Salaam hawezi kuukisia. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa haina kazi mbalamwezi ikiwaka. Siku hizo mitumbwi ya dagaa hukaa nchi kavu. Baa iliyo karibu na mwalo huuza kwa kufuata mwezi wa angani kuliko mwezi wa mshahara. Wavuvi wakirudi na fedha ya giza, hujaa. Mbalamwezi ikikaa sana, wapo lakini wanaandikiwa. Magu ilikuwa na kalenda ya pili, ya pamba. Msimu wa ununuzi hufunguliwa Mei, na kuanzia hapo hadi mzigo uishe mkulima wa Usukuma ana noti. Bia ya Balimi imepewa jina la wakulima hao kwa lugha yao, na waliolichagua walijua fedha inatoka wapi. Wakulima wakicheleweshewa malipo, baa inajua kabla ya gazeti. Kalenda ya tatu ni ya watumishi, wenye mwisho wa mwezi wao. Siku hizi imeongezeka ya nne, ya Simba na Yanga kwenye king'amuzi, na tangu Pamba Jiji irudi Ligi Kuu mwaka 2024, watu wa Mwanza wana sababu yao wenyewe ya kukaa mbele ya skrini.

Anayekagua baa kwa juma moja la Julai anakagua pamba. Anayekagua mwisho wa mwezi anakagua mshahara. Hesabu ya kuaminika ni ya daftari la mwaka mzima, na mwenye baa asiyeandika mwaka mzima hana cha kuonyesha isipokuwa maneno. Mwalimu aliandika, kwa mwandiko wa ubaoni, na hilo lilimpa bei nzuri kuliko friji lolote. Humo ndani ungeweza kusoma mambo ya dunia: mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria na viwanda vya minofu vya Mwanza vikapunguza kazi, mauzo yalishuka hata Magu, mji usio na kiwanda cha minofu. Vijana waliokuwa wakituma fedha nyumbani walirudi nyumbani wenyewe.

Historia ya baa za aina hii ni fupi kuliko wateja wao wanavyodhani. Wazee wa wazee walikunywa pombe ya mtama vilabuni, au rubisi iliyovuka ziwa kutoka Bukoba, na gongo kwa kujificha. Bia ya kiwandani ilikuwa ya mjini. Tanzania Breweries ilitaifishwa mwaka 1967, na katika uhaba wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 bia ilikuwa kitu cha kumjua mtu. Mwaka 1993 serikali iliingia ubia na South African Breweries, baadaye kikawepo kiwanda cha bia Mwanza penyewe, na kampuni ya Serengeti nayo ikaja na chake. Bia ikawa inafika Magu kwa lori, kila juma, bila kibali cha mtu. Hapo ndipo mwalimu, karani au fundi mwenye akiba ndogo alipoweza kuwa mwenye baa. Viroba vya pombe kali viliwavuta wateja wengi wa bei ya chini kwa muda, hadi vilipopigwa marufuku kuanzia Machi 1, 2017, na baadhi yao wakarudi kwenye chupa.

Sehemu kubwa ya thamani ya baa haimo stoo wala kwenye hesabu. Imo kwa wahudumu. Mhudumu hodari anajua nani anakunywa ya moto na nani ya baridi, nani asiketishwe karibu na nani tangu ile kesi ya mpaka, na mzee yupi akifika chupa ya tatu inafaa aitiwe bodaboda. Anapomsalimia mkulima «mwadila» kabla hajaketi, mkulima hataondoka na moja. Mshahara wake ni mdogo, mara nyingi bila mkataba, na chupa ikipotea au mteja akitoroka bila kulipa, shoti ni yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhusu kama inavyomhusu karani wa benki, ila ni wachache waliomwambia.

Inafaa kusema kwamba wanawake wanaohudumu baa wamechunguzwa damu kuliko walivyochunguzwa mishahara. Mwanza ni jina kubwa katika utafiti wa UKIMWI duniani: utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa vijijini kulipunguza maambukizi mapya kwa takriban asilimia 40. Miaka ya 2000, taasisi ya utafiti wa tiba, NIMR, na washirika wake wakaendelea na majaribio ya jeli ya kinga miongoni mwa wanawake wa baa, nyumba za wageni na mama lishe. Jeli haikufanya kazi. Wanawake walijitolea, walihudhuria kliniki, na sayansi ikapata jibu lake. Hata hivyo, mnunuzi wa baa anapouliza «wasichana mnaouza nao ni wangapi?» bado huwahesabu pamoja na viti.

Chini ya kaunta lipo daftari la pili, la madeni. Mwenye baa asiyekopesha katika mji mdogo hafiki mwaka. Anayekopesha kila mtu hafiki miezi sita. Katikati ya hayo ndipo kuna ufundi, na haufundishiki kwa barua. Mwalimu alimkopesha nesi mmoja kwa kuwa alijua siku ya mshahara wake, akamnyima mfanyabiashara mwenye gari kwa kuwa alimfundisha darasa la nne. Deni katika daftari lile lilikuwa na kazi nyingine pia: lilimrudisha mtu. «Dada, ile ya jana niongezee na hii» ni ahadi ya kuja kesho.

Wanunuzi waliojitokeza Magu walikuwa wa namna zile zile zinazojitokeza kila mahali. Walikuwepo watu wa machimbo ya Geita, wenye fedha ya ghafla na haraka ya kuimalizia mahali panapoonekana. Alikuwepo mtu wa mjini aliyetaka baa ya kumpa shemeji. Na walikuwepo wastaafu, ambao kwa miaka mingi ndio wamekuwa soko kubwa, kwa sababu mkupuo wa kiinua mgongo hutosha kilemba, kreti na ukarabati mdogo. Soko hilo liliguswa na kikokotoo cha mafao: kuanzia Julai 2022 mkupuo uliwekwa asilimia 33 kwa wastaafu wote, wakiwemo waliokuwa wakitazamia nusu, na bajeti ya 2024/25 ikaupandisha kwa hao hadi 40. Wabunge walijadili suala hilo kama la haki, na lilikuwa la haki. Lakini pia lilikuwa suala la nani atanunua grosari ya Misungwi. Hata hivyo, mstaafu anayeweka mkupuo wote ndani ya baa anacheza kamari, na marafiki waliomsukuma watakuwa wa kwanza kuomba waandikiwe.

Wateja wenyewe kuinunua baa ni wazo lililowahi kutamkwa Magu, usiku, na halikuishi hadi asubuhi. Lakini si la kuchekwa. Uingereza, katika kijiji cha Hesket Newmarket, wateja waliunda ushirika na kuinunua baa yao, Old Crown, mwaka 2003, na sheria ya mwaka 2011 ikawapa wanajamii wa England nafasi ya kusimamisha uuzaji wa mahali wanapopathamini kwa miezi sita ili wachange. Usukuma haukosi historia ya kuchanga. Shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, lililoundwa mwaka 1955 na kina Paul Bomani, lilinunua na kuchambua pamba kwa kiwango kilichotajwa Afrika nzima, na mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vya ushirika. Kilichobaki ni kumbukumbu mbili zinazopingana: kwamba watu wa hapa wanaweza, na kwamba kitu cha wote huja kuchukuliwa. Vikundi vya kuzikana vinastawi kwa sababu fedha yake hutoka mara moja na kila mtu huiona. Baa ina faida ndogo ya kila siku, na mikono mingi karibu na droo.

Mnunuzi wa kwanza wa baa ya Mwalimu alilipa nusu akaingia na mafundi. Alipaka rangi, akaondoa mabenchi ya mbao chini ya mwembe akaleta viti vya plastiki, akabadilisha wahudumu wote kwa mara moja ili waliozoeana na wateja wasimwibie, na akabandika kwamba hakuna mkopo. Kila hatua ilikuwa na sababu ya maana. Mchoma nyama alihamia ng'ambo ya barabara kwa jirani, na kabla ya mbalamwezi ya pili wateja walikuwa wameifuata harufu. Mtu yule hakuwa mjinga wala mvivu. Alilipia jengo akidhani amelipia mazoea, na Mwalimu hakumweleza tofauti kwa kuwa hakuulizwa. Walirudishiana kilichorudishika mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na gharama ya rangi ikawa ugomvi wa peke yake.

Wa pili alikuwa mwanamke aliyewahi kuuza dagaa Kirumba Mwaloni, anayejua kusubiri giza. Hakutaka funguo. Aliomba akae kaunta pamoja na Mwalimu kuanzia kufunguliwa kwa pamba hadi kipindi cha leseni kiishe, aombe leseni yake akiwa ameshaonekana, na kilemba alipe kwa vipande vitatu. Mhudumu wa siku nyingi alirudishwa, akaandikiwa mkataba kabla ya mnunuzi kuandikiwa wake. Mwalimu alitambulisha wateja mmoja mmoja, pamoja na siku zao za mshahara na tabia zao za chupa ya tatu. Mchoma nyama aliitwa kutoka ng'ambo, akarudi kwa masharti ya kutolipa kodi mwaka wa kwanza. Kampuni ya bia ilisaini upya karatasi ya friji.

Madeni yalikatwa kwa tarehe: ya nyuma yakabaki ya Mwalimu, ya mbele yakawa ya mnunuzi. Mteja mwenye deni pande zote mbili alilipa kwanza la zamani, kwa makubaliano yaliyoandikwa ukurasa wa mwisho wa daftari na kusainiwa na wote wawili. Kipande cha tatu cha kilemba kilitolewa baada ya kuhesabu stoo upya. Kreti nne hazikuonekana, zikakatwa kwenye fedha; baadaye mbili zilipatikana kwa jirani, ambaye Mwalimu mwenyewe alikuwa amemwazima kwa ajili ya harusi.